Kabla ya kununua dawa, kisome kinyesi cha tetea wako mzee

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika safu ya barua niseme jambo moja kuhusu kuku wazee wanaofugwa majumbani. Wapo wanaokufa kwa dawa waliyopewa kabla mtu hajainama kukitazama kinyesi chao, na vifo hivyo vinazuilika.

Mambo huenda hivi. Tetea wa miaka minne au mitano anaharisha, manyoya ya chini ya mkia yamegandamana, mwenyewe anaingiwa na hofu. Anakwenda duka la dawa za mifugo na kusema, "Kuku wangu anaharisha." Anapewa pakiti ya dawa ya kuua bakteria (antibayotiki), oksitetrasaiklini au salfa, anaikoroga kwenye maji kwa kukadiria. Siku ya nne kuku anaharisha zaidi, gole, kifuko cha chakula chini ya shingo, limejaa maji yanayonuka uchachu, na sasa hagusi chakula. Mwenyewe anarudi dukani kutafuta dawa kali zaidi ya ile ya kwanza.

Kuku ninaowasemea ni wale ambao hakuna anayekusudia kuwachinja: koo wa bibi aliyelea vifaranga miaka nenda miaka rudi, kuku wa watoto mwenye jina lake, na wale kuku wa mayai wa kisasa wanaouzwa kwa bei ya kutupa wakifikisha wiki 72 hadi 80, wakachukuliwa na familia na kuendelea kuishi uani. Vijitabu vyetu vingi vya ufugaji vimeandikwa kwa kuku wa nyama na wa mayai, ambao hawafiki uzee. Magonjwa yanayotajwa humo kwanza, kama koksidiosisi, kuhara kunakoletwa na vimelea vya utumbo, ni ya vifaranga, hasa wa wiki 3 hadi 8. Tetea aliyekulia nje ameshapambana na vimelea hivyo tangu utotoni, na mwili wake unavijua. Anapoharisha uzeeni, sababu mara nyingi iko kwingine: kwenye joto, chumvi, chokaa iliyozidi, gole lililolegea, minyoo, au uvimbe wa mfuko wa uzazi unaobana utumbo. Katika hizo zote, hakuna hata moja inayoponywa na antibayotiki ya kukadiria.

Anza na gazeti la jana. Litandike jioni chini ya fito anayolalia kuku huyo, akiwa peke yake ikiwezekana, ulitazame alfajiri. Rundo la usiku ndilo linalosema kweli, kwa sababu usiku kuku hanywi maji wala hahemi kwa jua. Kinyesi kizuri kina umbo na kinashikana, rangi yake ni kahawia au kijivu kilichokolea, na juu kimevaa kofia nyeupe. Kofia hiyo ndiyo mkojo wa kuku. Ndege hana kibofu cha mkojo. Figo zake hutoa asidi ya yuriki, nayo hushuka kama chokaa laini na kutoka pamoja na mavi kwa tundu moja. Kwa hiyo katika kila tone mna habari tatu. Sehemu ya kahawia ni habari ya utumbo. Nyeupe ni habari ya figo na ini. Maji yanayoizunguka yanaeleza kuku amekunywa kiasi gani na figo zimeyarudisha mwilini kwa kiasi gani. Mtu akisema "anaharisha", swali la kwanza liwe: ni kahawia iliyolegea, au ni kahawia yenye umbo lake ikielea kwenye maji? Ya kwanza ndiyo kuhara. Ya pili ni kukojoa sana, na tiba yake ni tofauti kabisa.

Takriban kila mara ya nane hadi ya kumi hutoka kinyesi cha namna nyingine. Kinanata kama molasi, hakina umbo, rangi yake ni ya chokoleti au haradali, na harufu yake inapita vingine vyote. Hicho si ugonjwa. Kinatoka kwenye vifuko viwili vipofu vilivyo karibu na mwisho wa utumbo, ambamo bakteria huchachusha makapi yaliyobaki. Kuna dawa nyingi zinazonunuliwa kwa sababu ya kinyesi hiki tu. Vivyo hivyo kipande kidogo chenye rangi ya nyama mbichi, kikionekana mara moja moja: ni utando wa ndani ya utumbo unaobanduka na kuzaliwa upya. Damu mbichi inayoonekana kila mara, au kinyesi cheusi kinachong'aa kama lami, hilo ni jambo la daktari siku hiyo hiyo.

Tuanze na maji, kwa sababu Dar es Salaam, Tanga na Mombasa hili ndilo linalowatisha wengi. Kuku hana tezi za jasho. Joto likipita nyuzi 30 anaachama mdomo na kuhema, na maji anayopoteza kwa pumzi anayarudisha kwa kunywa. Tetea ambaye kwa kawaida hunywa kama mililita 250 kwa siku anaweza kunywa mara mbili ya hapo. Mchana kinyesi kinakuwa maji matupu. Alfajiri kina umbo. Ukiona tofauti hiyo kati ya mchana na alfajiri, ongeza kivuli na maji ya baridi, usiongeze dawa.

Kama hata alfajiri maji ni mengi, tazama chumvi. Dagaa wengi wa Pwani huchemshwa kwenye maji ya chumvi kabla ya kuanikwa, tofauti na dagaa wa Ziwa Victoria ambao kwa kawaida huanikwa hivi hivi. Anayewapa kuku mabaki ya mchuzi, ugali uliochovywa mboga, na juu yake dagaa wa Pwani, anaziongezea figo kuukuu mzigo kila siku. Waloweke dagaa hao usiku kucha, mwaga maji, waoshe tena ndipo uwape. Mabaki ya mezani yasizidi kijiko kimoja cha chakula kwa kuku kwa siku, na yasiwe na mchuzi.

Sasa chokaa, na hapa naomba wasomaji wavumilie hesabu. Chakula cha kuku wa mayai kina kalisi, yaani madini ya chokaa, karibu asilimia 4. Tetea akila gramu 110 za chakula hicho anapata gramu 4.4 za kalisi. Ganda la yai moja huchukua kama gramu 2, kwa hiyo kwa kuku anayetaga karibu kila siku hesabu inakubali, ukikumbuka kwamba si kalisi yote inayofyonzwa. Lakini tetea aliyeacha kutaga mahitaji yake hayafiki asilimia 1 au yanaishia hapo hapo, yaani gramu 1 na kidogo kwa siku. Zinazobaki, zaidi ya gramu 3, hazina yai la kuingia. Nyingine hupita na kinyesi, nyingine hufyonzwa na kuangukia kwenye figo, leo, kesho na mwaka mzima. Figo zikianza kuziba, kofia nyeupe inakuwa kubwa kuliko kahawia, kisha inakuwa uji mweupe unaochuruzika na kugandamana kwenye manyoya. Hatua ya mwisho ni jongo: asidi ya yuriki inatua kwenye moyo, ini na viungo kama unga wa chaki. Akifunguliwa baada ya kufa, huonekana kama amenyunyiziwa chokaa ndani.

Kinga yake ni rahisi. Tetea akiacha kutaga, mhamishie kwenye chakula cha kuku wanaokua, chenye kalisi karibu asilimia 1. Kama banda lina wanaotaga na walioacha, wote wale hicho hicho, halafu maganda ya chaza au ya mayai yaliyokaushwa na kupondwa yawekwe kwenye chombo cha pembeni. Anayetaga atayafuata mwenyewe, maana mwili wake unadai, aliyeacha atayapita. Kosa ni kuyachanganya maganda ndani ya chakula, kwa sababu hapo humwachii mzee nafasi ya kuchagua.

Maganda hayo hayachukui nafasi ya changarawe. Kuku hana meno. Anayesaga ni firigisi, nayo inahitaji vijiwe vigumu vya milimita 2 hadi 4 vinavyokaa humo kwa muda mrefu. Ganda la chaza huyeyuka kwa asidi ya tumbo. Kuku anayeshinda kwenye banda la saruji hana pa kuokota vijiwe, na utaona punje za mahindi zikitoka nzima kwenye kinyesi. Mwekee changarawe safi kwenye kopo, mpunguzie mahindi mazima, mpe yaliyoparazwa. Punje zikiendelea kutoka nzima baada ya wiki mbili huku mfupa wa kidari ukichongoka, fikiria minyoo au ugonjwa wa ndani.

Gole nalo linahitaji mkono, si macho. Ni kile kifuko cha chakula kilicho chini ya shingo, upande wa kulia wa kifua. Lishike mara mbili: jioni kuku anapopanda kulala, na alfajiri kabla hajala wala kunywa. Jioni linatakiwa kuwa limejaa, laini, ukibonyeza unahisi chakula. Alfajiri linatakiwa kuwa tupu, kiasi kwamba unalitafuta. Likiwa bado limejaa alfajiri, chakula hakishuki, na kila kitakachotokea nyuma, yaani kinyesi cha kijani, maji mengi, kukonda, kinaanzia hapo.

Gole gumu kama udongo wa mfinyanzi limeziba, mara nyingi kwa majani marefu, nyuzi za gunia au makapi. Mwondolee chakula kwa saa 12 hadi 24, maji yabaki. Mpe mililita 2 hadi 3 za mafuta ya nazi yaliyoyeyuka, tone kwa tone pembeni mwa mdomo, kisha likande gole taratibu kwa dakika 5, mara tatu au nne kwa siku, ukilivunja bonge kwa vidole bila kulisukuma kuelekea kooni. Kamwe usimpindue kichwa chini ili atapike. Mlango wa pumzi wa kuku uko nyuma tu ya ulimi, na kinachopanda kutoka gole huingia kwenye mapafu. Anaweza kukufia mikononi kwa dakika moja. Ni kwa sababu hiyo hiyo maji na dawa hazimiminwi kwa bomba la sindano katikati ya koo.

Gole likiwa kama puto la maji na mdomo unanuka uchachu, hapo kuna hamira, kuvu aitwaye Kandida. Huyu huishi kwenye gole la kuku wengi kwa kiasi kidogo, akizuiwa na bakteria wema. Ukiwaua bakteria hao kwa antibayotiki, kuvu anabaki na shamba peke yake. Sasa msomaji anaona kwa nini yule tetea wa mwanzo wa barua hii alizidi kuugua. Dawa inayomfaa ni ya kuvu, kama nistatini, kwa kipimo cha daktari wa mifugo kulingana na uzito. Nistatini haiingii kwenye damu. Huua kuvu pale inapogusa, ndiyo maana hupewa gole likiwa tupu, kabla ya chakula. Wakati huo mkate, matunda matamu na maji yenye sukari viondolewe, maana ndivyo vinavyomlisha kuvu.

Jambo ambalo hata baadhi ya wataalamu hulipita haraka: kwa tetea mzee, gole lililogoma mara nyingi ni dalili tu. Utumbo wa chini umebanwa, chakula kinarudi nyuma kama foleni ya magari. Basi baada ya gole, shika tumbo. Mweke kuku kwapani kichwa kikielekea nyuma yako, pitisha kiganja kati ya miguu, chini ya tundu la haja. Tetea aliyeacha kutaga tumbo lake ni laini na dogo, na mifupa miwili ya nyonga iliyo kando ya tundu imekaribiana, kama upana wa kidole kimoja. Ukihisi kitu kama mfuko wa maji unaotikisika, tumbo limejaa maji. Ukihisi bonge gumu, inaweza kuwa yai lililokwama, au jibini la usaha ndani ya mrija wa mayai. Kuku wa namna hii husimama wima kifua juu, miguu imeachana, na hutembea akiyumba. Kinyesi chake hutoka kidogo kidogo, chembamba kama utepe au maji yenye weupe, kwa sababu utumbo umekosa nafasi.

Magonjwa ya mfuko wa uzazi ndiyo adui mkubwa wa tetea kuanzia mwaka wa tatu, hasa wale wa kisasa waliozalishwa ili watage karibu kila siku. Kiini cha yai kikikosa kuingia kwenye mrija na kudondoka tumboni, kinaleta uvimbe na bakteria. Saratani ya ovari pia huwapata kiasi kwamba watafiti wa saratani hiyo kwa wanawake huwatumia matetea wazee kuichunguza. Daktari anaweza kuyatoa maji ya tumbo kwa sindano ili kuku apumue na ale, lakini maji hurudi. Kuku aliyekonda, asiyekula, anayehema kwa shida na tumbo limejaa, kumpumzisha kwa mkono wa daktari ni huruma, na mwenyewe asione haya kuliomba.

Rangi zinapotosha zikisomwa peke yake. Kijani cha majani baada ya kula mchicha au matembele ni kawaida. Kijani kikali chenye maji kwa kuku asiyekula kitu ni nyongo inayopita kwenye utumbo mtupu, kwa hiyo kinakwambia tu kwamba kuku hali chakula, hakikwambii kwa nini. Lakini kijani hicho hicho kikiambatana na kuzubaa, shingo kupinda, kukoroma, au kuku wa pili na wa tatu kuugua ndani ya siku chache, fikiria mdondo, ambao wengine huuita kideri. Upanga wa kichwani ukigeuka zambarau na ndevu zikivimba, fikiria kipindupindu cha kuku. Kinyesi cha kijani kinachoelekea manjano pamoja na upanga uliopauka, fikiria homa ya matumbo ya kuku. Haya yanaua kundi zima, na ofisi ya mifugo ya kata iarifiwe siku hiyo hiyo. Mdondo hauna tiba. Kuna chanjo ya I-2 inayostahimili joto, tone moja jichoni kila baada ya miezi 3, na tetea mzee naye achanjwe, uzee haumkingi. Shubiri inayowekwa kwenye maji ya kuku haiuondoi mdondo, na utomvu wake wenyewe humfanya kuku aharishe, kwa hiyo kwa mzee aliyekwisha pungukiwa maji ni kumwongezea tatizo.

Sehemu nyeupe ikigeuka ya manjano au kijani cha limau, tazama ini, na ukitazama ini tazama mahindi. Ipo desturi ya kusema mahindi yaliyoota ukungu "tuwape kuku". Sumukuvu iliyoua watu Dodoma na Manyara mwaka 2016 haina huruma kwa kuku. Inaharibu ini polepole, na tetea anayeishi miaka saba ana muda mrefu wa kuyakusanya madhara yake. Kuchemsha hakuiondoi.

Minyoo inastahili kutajwa kwa undani kidogo, kwa sababu hapa dawa inahitajika kweli, ila iwe ile inayostahili. Minyoo mviringo mikubwa huonekana kwenye kinyesi kama tambi nyeupe, urefu wa sentimita 5 hadi 11. Minyoo bapa huonekana kama punje za mchele zilizobapa, wakati mwingine zikijongea kwenye kinyesi kibichi. Piperazini, inayouzwa sana kwa sababu ni rahisi, huondoa minyoo mviringo mikubwa tu. Minyoo bapa na ile midogo kama nywele inabaki inacheka. Albendazoli kwa miligramu 20 kwa kila kilo moja ya uzito hufika mbali zaidi, pamoja na minyoo bapa. Tetea wa kienyeji wa kilo 1.5 anahitaji basi miligramu 30. Hapa ndipo ajali hutokea: albendazoli ya asilimia 2.5 ina miligramu 25 katika kila mililita, hivyo ni mililita 1.2; ya asilimia 10 ina miligramu 100, hivyo ni mililita 0.3. Anayechukua kipimo cha chupa ya kwanza akakitumia kwenye chupa ya pili amempa kuku mara nne. Mpime kuku kwa mizani ya jikoni ndani ya kikapu, soma asilimia kwenye chupa, vuta kwa bomba la mililita 1 lisilo na sindano, na mwulize daktari kabla ya kurudia. Mayai yake yasiliwe kwa siku zilizoandikwa kwenye lebo au atakazosema daktari.

Minyoo bapa hupita kwa mchwa, sisimizi, mbawakawa na nzi, kwa hiyo dawa bila usafi wa banda ni kuchota maji kwa pakacha. Maranda yenye unyevu yatolewe, chombo cha chakula kisilale na makombo.

Usafi wa kuku mwenyewe usingoje utambuzi wa ugonjwa. Kinyesi kilichogandamana chini ya mkia huvuta nzi, na kwenye joto letu mayai ya nzi huanguliwa kuwa funza ndani ya siku moja. Mloweshe sehemu ya nyuma kwenye beseni la maji ya vuguvugu kwa dakika 10 hadi 15, gando litalegea lenyewe. Usilivute likiwa kavu, utachuna ngozi. Punguza manyoya yaliyochafuka kwa mkasi, mkaushe kabisa kwa taulo na jua la asubuhi, kisha tazama ngozi. Wekundu tu utapoa. Ukiona utando mweupe unaonuka kwenye tundu lenyewe, huenda ni kuvu yule yule wa gole. Ukiona funza, watolewe wote kwa kibano na kuku apelekwe kwa daktari. Anayefanya kazi hii anawe kwa sabuni, na watoto wasimbusu kuku mgonjwa, bakteria wa salmonela hawachagui.

Kwa aliyepungukiwa maji, pakiti ya chumvichumvi ya kutibu kuhara ya watu, iliyoyeyushwa kwenye lita 1 ya maji safi, inafaa kwa saa chache, kisha arudi kwenye maji matupu. Isitumike kwa yule anayekojoa sana kwa sababu ya chumvi au figo. Na wale waliokwisha agizwa oksitetrasaiklini na daktari kwa sababu halali, waondoe maganda ya chaza kwa siku za dozi, kwa kuwa kalisi huishika dawa hiyo tumboni isifyonzwe. Salfa zitumiwe kwa uangalifu mkubwa kwa tetea mzee asiyekunywa vizuri, maana zinapita kwenye figo zile zile zilizochoka.

Penye shaka, kinyesi kipimwe. Chukua kibichi cha asubuhi, kiasi cha kijiko kimoja cha chai, pamoja na kile kinachonata, kiweke kwenye kichupa safi chenye kifuniko, andika umri wa kuku, chakula anachokula na dawa zote alizopewa. Kikae kwenye baridi, kisigandishwe, kifike maabara siku hiyo. Maabara za TVLA, yaani Wakala ya Maabara ya Veterinari Tanzania, na Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo pale Morogoro zina wataalamu wa kazi hii. Kuku akifa, mzoga nao upelekwe ukiwa juu ya barafu bila kugandishwa. Kuku aliyebaki bandani atanufaika na majibu.

Ombi langu kwa watengenezaji na waingizaji wa dawa: lebo ziandikwe kwa Kiswahili, na pamoja na kipimo cha kuku 100 au lita 100 kiwepo cha kuku mmoja kwa kilo ya uzito wake, kwa sababu mwenye kuku wawili naye ni mteja. Na kwa wauzaji wetu madukani: mteja akifika kusema kuku wake mzee anaharisha, kabla ya kugeukia rafu muulizeni gole lilikuwaje alfajiri, anakula chakula gani, bado anataga, na je, amekuja na kile kinyesi?

Msomaji wenu,
Daktari wa mifugo,
Morogoro